Jinsi ya kuhifadhi maziwa ya mama yaliyokamuliwa
Likizo ya uzazi nchini Kenya ni miezi 3, ilhali mtoto anapaswa kulishwa maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Pengo hilo huzibwa na maziwa yaliyokamuliwa.

Katika joto lisilozidi nyuzi 25 za Selsiasi hudumu saa 4, na adhuhuri ya Mombasa aghalabu hupita hapo. Jokofuni, siku 4. Yakigandishwa, yafaa yatumiwe kabla ya miezi 6. Chombo kisijazwe pomoni, kwani maziwa hufura yanapoganda.

Yakishayeyuka jokofuni yana saa 24, wala hayagandishwi tena. Kuyachemsha ni kuyaharibu, na maikrowevu huacha sehemu za moto ziwezazo kumbabua mtoto kinywa. Yatosha kuzamisha chombo katika maji vuguvugu. Masalio ya chupa, yasipotumiwa ndani ya saa 2, humwagwa, hata kama mama aliyakamua kwa shida.