Pampu ya Chini ya Jukwaa

Historia ya kupata maji matamu kutoka baharini husimuliwa kama historia ya utando. Karibu na mwaka 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza utando wa kwanza uliopitisha maji kwa wingi wa maana huku ukizuia chumvi. Kufikia 1965 mji wa Coalinga ulikuwa ukiutumia kusafisha maji yake ya chumvichumvi. Simulizi hilo, kwa maoni yangu, linaanzia katikati. Maji hayachujwi kabla ya kupandishwa, na kwenye majukwaa ya mafuta kupandisha ndiko kulikokuwa kugumu. Meli haina shida hiyo, kwa kuwa tundu lake la kuingizia maji liko chini ya usawa wa bahari, na pampu hujaa yenyewe. Lakini tangu 1947, kampuni ya Kerr-McGee ilipochimba mafuta mbele ya Louisiana mahali ambapo nchi kavu haionekani, watu walianza kuishi juu ya nguzo, na baadaye sitaha zilipaa mita ishirini na zaidi juu ya mawimbi. Galileo alikwisha kuandika mwaka 1638 kwamba pampu ya kuvuta hushindwa maji yakiwa chini zaidi ya mita kumi hivi. Miaka sita baadaye Torricelli akaeleza kwamba kinachoyapandisha ni uzito wa hewa, nao una kikomo. Fedha haziondoi kikomo hicho. Ikabidi pampu yenyewe ishuke baharini, ndani ya bomba pana la kuikinga: ama ya shafti ndefu yenye mota juu, ama ya kuzama na mota yake, jamii ile ambayo Armais Arutunoff aliiendeleza kwa visima vya mafuta.

Mhandisi atanijibu kwa hesabu. Kupandisha lita elfu moja kwa mita 25 hudai takriban kilowatisaa 0.07 tu, ilhali kuzisukuma katika utando, hata kwenye mitambo bora ya leo, hula kama 3 kwa kila lita elfu za maji matamu. Hata tukikumbuka kwamba mtambo mdogo hurudisha baharini sehemu kubwa ya maji uliyoyapokea, pampu ya chini bado inaonekana kitu kidogo. Sikatai, ila hesabu hiyo inapima umeme, haipimi uhai wa mtambo. Pampu ya msukumo mkubwa inayolisha utando ikipungukiwa na maji kutoka chini, viputo vya mvuke huzuka ndani yake na kupasuka kwa nguvu ya kutafuna chuma. Ile ya chini nayo huliwa na kutu na kuzibwa na viumbe vya baharini, ndiyo maana wanunuzi walilipia shaba nyeusi au titani kwa pampu isiyofikia kilowati mbili. Klorini huwazuia viumbe hao, lakini tando za poliamidi zilizofuata zile za Loeb haziivumilii. Kwa hiyo dawa inayotiwa chini ili pampu ipone lazima iondolewe juu kabla maji hayajafika kwenye utando, na mtambo ukaongezewa hatua nzima kwa ajili ya pampu hiyo ndogo.