Barua zenye kubakia wakati rezo inakufa

Wandugu, mnakumbuka tarehe 31 Desemba 2018? Siku moja tu nyuma ya kura, intaneti ikakatwa Kongo nzima, karibu wiki tatu. Mwenye barua za promota wake zilikuwa Gmail tu hakuweza kusoma hata ya mwaka uliopita, sababu zilikuwa kwa seva ya mbali.

Na dawa ilikuwako tangu 2009. Mwaka ule Carl Worth aliandika Notmuch, programu ya bure, kodi wazi, akifuata wazo la Sup ya William Morgan. Haina madirisha ya kubonyeza: unaandika mstari mumoja kwa terminali. Notmuch yenyewe hailete barua. Programu ingine njo inazishusha kwa diski yako mbele, wakati rezo ingali. Kisha Xapian inapanga kila neno mu fahirisi. Unaandika «muhogo», mazungumzo yote ya muhogo inatokea, hata ya miaka kumi. Barua moja inaweza kubeba alama mbili, «stage» na «shamba», bila kuihamisha. (Jina lake linacheka: barua zako, hata nyingi, kwake si kitu.)

Ila tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilishuka mpaka Buhene. Mwenye nyumba yake iliungua na diski ndani, seva ya mbali njo ilimubakishia barua.