Poto, mwenda pole wa matawini

Poto wa Afrika Mashariki, ambaye jina lake la kisayansi ni Perodicticus ibeanus, ni mnyama wa usiku, ndugu wa komba. Huishi juu ya miti kuanzia mashariki mwa Kongo, kupitia Uganda, Rwanda na Burundi, hadi msitu wa Kakamega magharibi mwa Kenya. Ana uzito wa takriban kilo moja, mkia mfupi kama kisiki, na macho ya mviringo yanayong'aa rangi ya chungwa yakimulikwa tochi. Komba huruka tawi hadi tawi. Poto haruki kamwe.

Wakazi wa mji wa Gisenyi, Rwanda, wanaomwona slothi, mwenda pole mwingine wa mitini, kwenye televisheni hawatampata popote Afrika, kwani makao yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Wa kulinganishwa naye nchini Rwanda ni poto wa Nyungwe, msitu ulio karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Hawana undugu wa karibu hata kidogo. Hata hivyo, wote wawili wana mtandao wa vimishipa vya damu katika miguu na mikono, ambao wanasayansi huuhusisha na uwezo wa kung'ang'ania tawi kwa muda mrefu bila misuli kuchoka. Poto ameongeza la kwake: kidole cha shahada kimebaki kinundu tu, hivyo kiganja hubana tawi kama koleo.

Chakula ndicho kinachowatenganisha. Slothi hula hasa majani, ambayo huchukua siku nyingi kusagika tumboni. Poto hula matunda, utomvu wa miti, na wadudu ambao wengine huwakwepa kwa harufu au ukali wao, wakiwemo sisimizi na viwavi wenye manyoya. Mwili wake hutumia nishati kidogo, kwa hiyo mlo huo unamtosha.

Kumwita mvivu ni kumwonea. Mwendo wake hautikisi jani, na akihisi hatari huganda palepale hata kwa saa nzima. Adui akimfikia, huinamisha kichwa na kutanguliza kisogo, penye ngozi nene juu ya miiba ya uti wa mgongo, kisha husukuma kwa nguvu ili kumwangusha mshambulizi. Jike huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya miezi sita na zaidi, na usiku humwacha ameshika tawi anapokwenda kutafuta chakula.

Maisha ya namna hii yanahitaji matawi yanayogusana, na hapo ndipo habari inapopanda milima iliyo juu ya Rubavu, wilaya ulipo mji wa Gisenyi. Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na takriban hekta 28,000. Miaka ya 1980 mradi wa mifugo uliogharamiwa na Benki ya Dunia uligeuza sehemu kubwa kuwa malisho. Baada ya 1994 familia zilizorejea kutoka uhamishoni zilihitaji ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama hekta 600. Upandaji miti umerudisha kiasi, na Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura sasa ina takriban kilomita za mraba 34, lakini katika vipande viwili vilivyotenganishwa na mashamba na makazi. Sokwe wa Gishwati hushuka mtini na kutembea ardhini. Poto akishushwa ardhini huwa mzito na rahisi kukamatwa.