Maduka na Masoko ya Rochester, New York

Rochester ni mji wa watu laki mbili na ushei magharibi mwa jimbo la New York, Marekani, kando ya Ziwa Ontario. Katika historia ya biashara unakumbukwa hasa kwa Midtown Plaza, jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 1962 katikati ya mji. Msanifu wake, Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, alikuwa amekwisha kuchora jengo la maduka la Southdale kule Minnesota. Wenye maduka makubwa ya McCurdy's na B. Forman ndio walioanzisha mradi huo. Wateja walikuwa wakihamia vitongojini na magari yao; wao wakajibu kwa maegesho ya chini ya ardhi na ukumbi ulioezekwa. Ndani ilisimama Saa ya Mataifa, na wakati wa Krismasi watoto walipanda treni ndogo iliyopita juu ya vichwa vya wanunuzi.

Haikutosha. Jengo lilifungwa mwaka 2008, likabomolewa.

Soko la Umma, lililoko Mtaa wa North Union tangu 1905, bado linauza mboga na samaki. Mzee, kwa kweli, amemzika kijana. Kampuni ya Wegmans nayo, iliyoanza mjini humo mwaka 1916 kwa matunda na mboga, sasa ina supamaketi katika majimbo kadhaa ya mashariki.