Fomu Yenye Nafasi Sita: Historia ya Afya ya Mfanyakazi Tunayoisahau

Mwaka jana rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Susuni, wilayani Tarime, alinitumia picha ya hati yake ya mshahara. Mstari mmoja alikuwa ameuzungushia wino: makato ya bima ya afya, asilimia 3 ya mshahara wa msingi. Chini yake akaandika: "Mura, wewe ni mtu wa historia. Niambie hela hii ni ya nini. Mimi sijalazwa hata siku moja tangu niajiriwe. Mama ameanguka kwa kiharusi, nimeuza ng'ombe wawili kumtibu, na kadi ninayo mfukoni."

Nilimjibu haraka, kwa maneno ya kitaalamu ambayo sasa nayaonea aibu. Nilimweleza kwamba bima ni kuchangiana hatari, kwamba mzima humchangia mgonjwa. Alikuwa anayajua hayo. Alichokuwa anauliza ni kwa nini mgonjwa wa nyumbani kwake hakuwamo katika kuchangiana huko. Jibu la karibu ni jepesi: Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya humhesabu mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Mwalimu huyu ana mke na watoto wanne. Nafasi sita zilijaa kabla mama hajafikiwa. Jibu la mbali ni la historia, na ndilo ninalotaka kulieleza leo, kwa sababu linamhusu kila mtumishi anayesoma makala haya.

Tuanze mbali kidogo. Mwezi Juni 1883, Ujerumani ya Kansela Otto von Bismarck ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi. Mfanyakazi alichangia theluthi mbili, mwajiri theluthi moja, na aliyeugua alilipwa posho kwa muda wa hadi wiki 13. Bismarck hakuwa rafiki wa wafanyakazi. Aliogopa vyama vya kisoshalisti, akaona heri kuwapa bima kuliko kuwaachia mapinduzi. Hata hivyo sheria hiyo iliweka msingi ambao dunia nzima imeujenga juu yake: matibabu ya mfanyakazi si sadaka ya tajiri, ni sehemu ya ujira.

Miaka miwili baadaye, Februari 1885, dola hiyohiyo ilikipa chama cha Carl Peters hati ya ulinzi juu ya maeneo aliyoyadai huku kwetu. Meli zilileta bunduki, sarafu na kodi. Bima ya mwaka 1883 ilibaki Ujerumani. Mpagazi aliyeugua njiani na kibarua aliyeumia shambani hawakuwa wanachama wa kitu chochote isipokuwa ukoo wao. Vita Kuu ya Kwanza ilipopigwa katika ardhi yetu, makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, ambalo leo tunalihusisha na soko tu, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza. Kila tunapokwenda kununua nguo pale, tunatamka jina la wafanyakazi waliokufa bila huduma ya afya.

Chini ya Waingereza mambo yalibadilika, lakini kwa hesabu ya mwajiri. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, shirika lao la kuandikisha vibarua kutoka mikoa ya mbali. Mtu alipewa namba, ndiyo maana tukawaita manamba. Alihesabiwa mikono, miguu na kifua, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyokata mkonge. Mwishoni mwa muongo huo Tanganyika ikapata sheria ya fidia kwa wafanyakazi walioumia kazini. Ilikuwa hatua ya kweli, ila angalia mpaka wake: ililipa kiungo kilichokatika kazini. Kifua kilichoharibika taratibu, na mke aliyebaki nyumbani akilima peke yake, havikuwa na safu katika daftari.

Wanaume wa Mara wanaijua historia hii. Walikwenda kwenye dhahabu ya Kiabakari na Buhemba, walivuka mpaka kwenda mashamba ya chai ya Kericho, waliingia jeshi la KAR. Aliyekuwa na nguvu alituma fedha, na fedha ikageuka ng'ombe. Aliyeugua alirudishwa, na aliporudi alipokelewa na mji. Wasomaji wasio wa Mara wanisamehe neno hili: kwa Wakurya mji ni boma zima, mzee, wake zake, wana walioa na wajukuu wao. Mji ndio uliomlisha mgonjwa, uliombeba kwenda kwa mganga au misheni, kama ile ya Wamenoniti walioanza kazi Shirati mwaka 1934, na mji ndio uliomzika. Mwajiri alitumia miaka ya nguvu, na miaka ya udhaifu ikaachiwa wanawake wa boma. Hapa ndipo penye hoja yangu yote: bima ya kwanza ya mfanyakazi wa Afrika Mashariki imekuwa mji wake, na kila sheria iliyofuata imeutegemea mji huo bila kuuhesabu.

Uhuru ulijaribu kuvunja utaratibu huo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilishika njia ya matibabu bila malipo, na mwaka 1972 uamuzi ulifanywa wa kuelekeza nguvu kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini badala ya hospitali kubwa za mijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakajadili malaria, kuhara na minyoo, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wanafunzi wangu hucheka wanaposikia serikali iliwafundisha watu kuchimba vyoo kwa redio. Huwa ninawauliza: ni lini mara ya mwisho mahali pako pa kazi palikaa kikao kuzungumzia afya ya waliopo, si posho zao?

Majirani zetu walichagua njia nyingine mapema. Kenya ilianzisha mfuko wake wa taifa wa bima ya hospitali mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya Arusha. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30, Mkurya wa Isebania aliyeajiriwa alikatwa mshahara kwa ajili ya hospitali, na ndugu yake wa Sirari hakukatwa kwa ajili hiyo. Oktoba 2024 Kenya iliubadili mfumo wake, na sasa mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Kila upande wa mpaka hudhani wenzao wamepata nafuu. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zimefika mahali pamoja: mshahara wa aliyeajiriwa ndio mlango mkuu wa hospitali.

Sisi tulifikaje hapo? Miaka ya 1980 hazina iliishiwa. Dawa zilikwisha zahanatini, na neno "bure" likabaki ukutani. Mwaka 1993 serikali ilianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali zake kubwa. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga. Mwaka 1999 Bunge likatunga Sheria Namba 8 iliyounda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ukaanza kazi Julai 2001 kwa watumishi wa serikali kuu: asilimia 3 kutoka kwa mtumishi, asilimia 3 kutoka kwa mwajiri. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima.

Sasa narudi kwa mwalimu wa Susuni. Yale makato si zawadi wala adhabu. Ni ujira wake. Ile asilimia 3 ya mwajiri, ambayo haionekani ikitoka mfukoni mwake, nayo ni ujira wake, kwa maana inalipwa kwa sababu yeye anafanya kazi. Mtumishi anayesema "serikali inanitibu" amekosea hesabu. Anajitibu kwa jasho lake, na kwa hiyo ana haki ya kuuliza, kudai na kukagua.

Lakini haki hiyo ina mipaka miwili ambayo hatuizungumzi. Mpaka wa kwanza ni mahali. Asilimia 3 ya mwalimu wa Susuni ni asilimia 3 ileile ya mwalimu wa Upanga. Kwa muundo wa huduma nchini, zahanati ya kijiji haina kazi ya kupasua wala kupiga picha ya ubongo. Kadi hufungua mlango uliopo. Haijengi mlango. Mwenye kiharusi kijijini huanza safari kwenda Tarime mjini, na pengine Bugando, Mwanza, na nauli, chakula na malazi ya anayemuuguza havimo katika kadi. Mpaka wa pili ni familia. Sheria imechora nyumba ya watu sita. Mji una watu wengi zaidi, na mtumishi mwenye mshahara mmoja katika mji huo analazimika kuchagua: mtoto wa mwisho au mama? Hakuna mwana anayepaswa kufanya uchaguzi huo kwa kalamu ya wino, ilhali maelfu wameufanya.

Najua hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Mfuko usio na mipaka hufilisika. Machi 2023 mpango wa Toto Afya Kadi, uliomsajili mtoto kwa shilingi 50,400, ulisitishwa kwa sababu walioingia kwa wingi ni watoto ambao tayari walikuwa wagonjwa. Machi 2024 tukaona hospitali kadhaa binafsi zikisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko kwa mgogoro wa bei mpya. Hesabu ni hesabu. Ila hesabu inayoutoa mji nje haiondoi gharama. Inaihamishia kwenye zizi la ng'ombe na kwenye mgongo wa mke wa mwalimu, anayemgeuza mama mkwe usiku ili asipate vidonda.

Basi tufanye nini wakati sheria zikisubiri kuboreshwa? Kwanza, jua unachomiliki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Watumishi wa umma wanazo pia Kanuni za Kudumu zao, wazisome. Aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake, na madai yapelekwe ndani ya miezi 12. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inatambua uchunguzi wa afya mtu anapoanza kazi, akiwa kazini na anapoondoka. Kijana wa mgodini Nyamongo asikubali kuondoka bila kupimwa masikio na mapafu. Ushahidi ukikosekana siku hiyo, utatafutwa kwa tabu miaka kumi baadaye.

Pili, tumia bima ukiwa mzima. Shinikizo la damu halipigi hodi. Kipimo chake ni mkanda wa mkononi na dakika tano, na zahanati inaweza kukifanya. Nilimuuliza rafiki yangu ni lini alipimwa mara ya mwisho. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku ya kuajiriwa." Mama yake alikuwa na shinikizo kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, na ugonjwa huo hutembea katika familia. Hapo ndipo Mtu ni Afya ilikuwa na busara kuliko sisi: kinga ilikuwa kazi ya kikundi, si siri ya mtu na daktari wake.

Tatu, tudai. Vyama vya wafanyakazi vinajua kupigania nyongeza ya mshahara. Vijifunze kupigania fomu: nafasi ya mzazi isiyoshindana na ya mtoto, hata kwa mchango wa ziada, na nauli ya mgonjwa wa rufaa anayetoka kijijini. Haya ni madai ya ujira, si maombi ya huruma.

Mwezi uliopita mtoto wa kwanza wa mwalimu alivuka umri unaoruhusiwa, akaondolewa katika kadi ya baba yake. Nafasi ikapatikana, na jina la mama likaandikwa. Baba mtu alifurahi na kuhuzunika siku hiyohiyo, kwa kuwa sasa kijana anaingia duniani bila bima na bila kazi. Ameniambia pia kwamba amepimwa, na presha yake iko juu. Ameanza dawa. Ndugu msomaji, toa fomu yako leo uisome, kisha ujiulize ni nani wa mji wako hayumo.