Majimaji ya jicho

Majimaji ya jicho ni kiowevu angavu kinachojaza nafasi iliyo kati ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na lenzi. Si machozi: machozi huosha jicho kwa nje, ilhali haya hukaa ndani, wala hayafiki shavuni hata mtu alie kutwa nzima. Konea na lenzi hazina mishipa ya damu, kwani damu ingeziba mwanga. Hivyo hulishwa na majimaji haya, ambayo pia huzoa taka zake. Vilevile hulitunisha jicho lisinywee. Mkazo huo ndio huitwa presha ya macho, na kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Wengi hudhani presha ikipanda, jicho limezidisha maji. Ushahidi unaelekeza kwingine: mwenye kauli ni njia ya kutokea, si chemchemi.

Chemchemi yenyewe ni mwili wa siliari, pete ya nyama laini iliyojificha nyuma ya irisi, ile sehemu yenye rangi. Seli zake husukuma sodiamu kutoka upande wa damu hadi ndani ya jicho, na maji hufuata chumvi. Mchana hutengenezwa takriban mikrolita 2.5 kwa dakika. Kwa mwendo huo, tone moja la kawaida huchukua kama dakika 20 kujaa. Majimaji hupita kwenye mboni, huja mbele, kisha hushuka hadi kona ambapo irisi hukutana na konea. Hapo pana chujio la nyuzi nyembamba, wavu wa trabekula, na nyuma yake mfereji uliopewa jina la Friedrich Schlemm, mwanaanatomia Mjerumani aliyeueleza mwaka 1830. Kutoka mferejini huingia kwenye vena. Sehemu nyingine hupenya katikati ya misuli ya siliari. Mwaka 1942 Karl Ascher alieleza vena ndogo juu ya weupe wa jicho ambamo mchirizi wa maji maangavu huenda bega kwa bega na damu nyekundu. Hivyo majimaji haya hayajatuama, yanatiririka.

Sasa tazama usiku. Mtu akilala, utengenezaji hupungua kwa karibu nusu, lakini presha haishuki kwa kiasi hicho. Kwa wengi hupanda, kwa kuwa kulala chali huongeza presha ya vena zinazopokea majimaji. Dawa za steroidi nazo zinaweza kupandisha presha kwa kukaza lile chujio, bila kuongeza maji. Mtu atauliza: mbona basi timolol, inayopunguza utengenezaji, hushusha presha? Beseni lililoziba tundu halifuriki ukipunguza maji ya bomba, lakini tundu bado limeziba. Dawa hiyo inafaa sana, ila kufaa kwake hakuthibitishi kwamba bomba ndilo lililoharibika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wapo wanaopata glakoma, ugonjwa unaoua neva ya macho, huku presha yao ikiwa ya kawaida. Ni kweli, na ndiyo maana kipimo cha presha peke yake hakitoshi. Neva yenyewe sharti ichunguzwe. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia watu wenye presha ya juu ambao bado hawakuwa na ugonjwa. Baada ya miaka 5, glakoma iliwapata asilimia 4.4 ya waliotibiwa na asilimia 9.5 ya wasiotibiwa. Presha si chanzo pekee, lakini ndiyo tunayoweza kuishusha. Aina ya glakoma iliyo ya kawaida zaidi haiumi, na nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Aliyefikisha miaka 40, hasa mwenye ndugu aliyeugua, apimwe macho mapema, na asitumie matone ya steroidi bila kuandikiwa na daktari.