Chuo cha Kiungani na Nchi ya Korogwe na Handeni

Tunapohesabu miaka ya Dayosisi yetu twapenda kutaja makanisa, kengele, na mapadre waliolala makaburini. Inafaa tukumbuke pia chuo kimoja ambacho hakikusimama katika nchi yetu, wala hakikuwa kikubwa, lakini pasipo hicho walimu wetu wengi wa kwanza wasingalipatikana. Hicho ni Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, ambao zamani zile ulikuwa mji mkuu wa biashara ya pwani hii.

Misheni iliyokijenga iliitwa Misheni ya Vyuo Vikuu, na jina hilo lina asili yake. Mwezi wa Desemba mwaka 1857 David Livingstone alisema na watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akawasihi wasiisahau Afrika. Oxford, Durham na Dublin nao wakaingia katika shauri hilo. Askofu wao wa kwanza, Mackenzie, alikwenda nchi ya mto Shire, akafa huko mwaka 1862. Aliyemfuata, Askofu Tozer, akahamisha kazi mpaka Unguja mwaka 1864, naye Dr. Edward Steere alikuwa pamoja naye. Sultani Majid akawapa watoto watano waliokuwa katika utumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza, na mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi. Hivyo kazi iliyoanzishwa na vyuo vikuu vinne vya ng'ambo ilianza kufundisha kwa watoto watano wasio na mali wala ndugu.

Sasa na tutazame upande wetu wa bara. Twajua kwa masimulizi ya wazee na kwa vitabu kwamba katika miaka ya 1830 njaa kali iliishika nchi ya Uzigua. Watu wakateremka pwani kutafuta chakula, na wengi wakapakiwa majahazini kwa hila au kwa nguvu. Wengine waliuzwa Unguja. Wengine walifikishwa Somalia, wakakaa kando ya mto Juba wala wasiiache lugha yao. Vita ilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walikimbia wakaja Tanzania, na wengi wakapewa makao Chogo, katika wilaya ya Handeni, wakisema Kizigula kile kile cha babu zao.

Basi mzazi wa zamani hizo aliijua bahari kuwa njia ya kwendea, si njia ya kurudia. Tena biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873 tu, na siku ya Noeli mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu mahali pa soko lao pale Mkunazini. Misheni ilikwisha kufika Magila mwaka 1868, na mwaka 1875 Padre Farler akaifufua kazi hiyo. Baadaye kazi ikaenea mpaka Korogwe, na Kideleko karibu na Handeni. Kijana aliyeonekana kuwa na akili aliombwa avuke bahari kwenda Kiungani. Tulio na watoto twaweza kupima wenyewe uzito wa ombi lile. Mzazi aliombwa amtoe mwanawe kwa hiari katika njia ile ile ambayo wengine walinyang'anywa wana wao.

Kilichoondoa hofu hakikuwa maneno mazuri, bali vijana walirudi. Walirudi wakijua kusoma, kuandika, hesabu na Maandiko, na wengine wamejifunza kupiga chapa. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, ambacho Dr. Steere alikifanyia kazi kubwa ya kuandika na kufasiri. Kiingereza nacho kilifundishwa. Mwaka 1888 chuo kilianza kupiga chapa gazeti lake, Msimulizi, na habari za vituo vya bara zikasomwa humo. Baadaye Magila nako kukawa na gazeti, Habari za Mwezi, ambalo Samuel Sehoza, mwana wa Bondei, alilihariri. Petro Limo, mwana wa nchi hiyo hiyo, akawa padre kwa watu wake. Hawa hawakuwafundisha watu kama wageni, kwa maana walijua mashauri ya ukoo na mila za mahari na matanga.

Hata hivyo tusiandike sifa tupu. Chuo cha mjini kina mlango wa kuingilia, na mlango wa kutokea waweza kumpeleka mtu mbali na kwao. Baadhi ya vijana waliona mishahara ya ofisi za serikali, wakawa makarani na wakalimani. Martin Kayamba, mzaliwa wa Unguja wa ukoo wa Bondei, alisoma Kiungani, akawa mtumishi wa serikali. Lakini ni yeye aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922, na mwaka 1931 alikwenda London pamoja na wajumbe wa Afrika ya Mashariki. Nani atasema elimu yake ilipotea? Na waliobaki kuwa walimu vijijini walilipa bei kubwa. Katika vita ya 1914 walimu wengi wa Misheni walifungwa na Wadachi na kubebeshwa mizigo, na wengine hawakuonekana tena.

Frank Weston, aliyekuwa mkuu wa Kiungani kabla ya kuwa Askofu mwaka 1908, alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924. Mwaka uliofuata chuo kiliondoka Unguja, kikahamia Minaki, kati ya Dar es Salaam na Kisarawe, na bahari haikuwatenga tena wanafunzi wa bara na kwao. Baada ya uhuru Minaki ikawa shule ya serikali.

Leo mambo yamegeuka. Makerere ilianza mwaka 1922, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1961, na makanisa nayo yamefungua vyuo vikuu vyao, kama kile cha Mtakatifu Yohana huko Dodoma mwaka 2007. Kijana wa Korogwe au wa Handeni hupanda basi asubuhi, na jioni yuko mjini. Hofu ya mzazi si jahazi tena, bali ada, na pengine kwamba mwana hatakuwa na sababu ya kurudi.

Kwa hiyo twawaomba walimu na wazee wa kila mtaa katika mwaka huu wa jubilei wafanye jambo moja dogo. Andikeni katika daftari la kanisa majina ya vijana wenu walio vyuoni, mahali walipo na kazi wanayojifunza. Waandikieni barua, waulizeni hali, na wakija likizo wapeni darasa la kufundisha au kitabu cha hesabu za mtaa wakikague. Wazee wetu walingoja miezi kupata habari za mtoto aliye ng'ambo, nao hawakuacha kuuliza.